Kuboresha Mtambo wa Santuri kwa Ajili ya Jazz: Mwongozo kwa Msikilizaji wa Magharibi mwa Kenya

Mtu anapoamua kufufua kinanda cha santuri nyumbani, mara nyingi pesa zake za kwanza huishia kwenye amplifaya yenye nguvu au spika ndefu, ilhali kasoro inayomkera imejificha kwenye sindano iliyochakaa, mkanda uliolegea au kona ya chumba ambamo spika imesukumwa. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, nayo ni kuziacha ala za bendi ya jazz zikuonyeshe kasoro iliko. Piano hufichua mwendo usio thabiti, matoazi hufichua hali ya sindano, besi kubwa ya kusimama hufichua spika pamoja na chumba, na saksofoni hufichua yanayotokea kati ya sindano na spika. Ukizoea kufuata ala moja baada ya nyingine utajua ni wapi pa kutumia shilingi inayofuata, na mara kadhaa utagundua kwamba hapahitajiki shilingi yoyote.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kinanda kinaafikiana na umeme wetu

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50 (hezi ni idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde). Kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Uingereza hakina tatizo hapa. Kile cha soko la Marekani kinadai volti 120 na hezi 60, na cha Japani kinadai volti 100. Transfoma ya kushusha volti itakizuia kisiungue, lakini haibadilishi hezi, na hapo ndipo wanunuzi wa mitumba hunaswa. Mota ya zamani ambayo mwendo wake hufuata hezi za umeme, ikiwa iliundwa kwa hezi 60, itazungusha santuri ya 33⅓ kwa takriban mizunguko 27.8 kwa dakika, na muziki wote utashuka kwa zaidi ya nusu-toni tatu. Dawa yake ni puli ya mota ya hezi 50, ambayo kwa baadhi ya vinanda hupatikana kama kipuri. Vinanda vya mota za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), na vile ambavyo sahani huzungushwa na mota moja kwa moja bila mkanda kwa kudhibitiwa na saketi, kwa kawaida havijali hezi; hivyo huhitaji transfoma tu. Soma kibandiko kilicho nyuma au chini ya kinanda kabla hujalipa, wala usitosheke na ahadi ya muuzaji kwamba kinafanya kazi, kwa kuwa anachokuonyesha ni kwamba kinazunguka.

Kwa wakazi wa Kisumu, Kakamega na Kisii kuna tahadhari ya pili. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na radi hata ikipiga mbali inaweza kusukuma umeme mkali kupitia nyaya hadi sebuleni. Mawingu yanapokusanyika, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Kwa umeme unaopanda na kushuka siku za kawaida, kifaa kile kile kinacholinda runinga au friji kinafaa, alimradi kina muda wa kusubiri kabla ya kurudisha umeme baada ya kukatika.

Hatua ya pili: Safisha kabla ya kulaumu

Santuri nyingi zinazopatikana kwetu zimekaa miaka mingi ndani ya masanduku, chini ya vitanda au juu ya kabati. Vumbi la Nakuru hukwaruza, na unyevu wa Kisumu huotesha ukungu ambao ukichezwa hutoa mlio wa kuchemka unaodhaniwa kuwa ni ubovu wa santuri. Tumia maji safi ya kuongezea betri za gari yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, ukihakikisha chupa haina asidi, pamoja na tone moja la sabuni laini ya vyombo. Pangusa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mifereji na bila kulowesha lebo, kisha suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni na usimamishe santuri kivulini ikauke. Jua la Kisumu litaipinda kabla hujamaliza chai.

Onyo moja ni la lazima. Santuri nzito za mizunguko 78 zinazovunjika zikianguka si za vinili bali ni za utomvu wa sheleki, na spiriti huyeyusha sheleki. Kwa hiyo usizipake kamwe dawa yoyote yenye alkoholi. Pia usizicheze kwa sindano ya santuri za kawaida, kwa kuwa mifereji yake ni mipana zaidi na inahitaji ncha yake yenyewe.

Hatua ya tatu: Pima mwendo kwa piano

Bandika kipande kidogo cha karatasi pembezoni mwa sahani, weka santuri, teremsha sindano, kisha hesabu mizunguko 100 ukitumia saa ya simu. Ni muhimu sindano iwe inacheza, kwa sababu msuguano wake hupunguza mwendo kidogo. Kwa 33⅓, mizunguko 100 huchukua dakika 3 kamili. Ikichukua dakika 3 na sekunde 2, kinanda kinachelewa kwa takriban asilimia 1, kiasi ambacho mtu mwenye sikio la piano atakitambua. Ukitumia karatasi ya mistari ya kupimia mwendo, ambayo mistari yake huonekana kusimama chini ya taa ya umeme mwendo ukiwa sahihi, chagua ile ya hezi 50, ambayo huwa na mistari 180 kwa 33⅓. Ile ya Marekani ina mistari 216 na itakudanganya. Ikumbukwe pia kwamba balbu nyingi za kisasa za LED hazimweki kwa namna inayofaa kipimo hiki.

Baada ya mwendo wa wastani, sikiliza uthabiti wake. Tafuta sehemu ambapo mpiga piano ameiacha noti ndefu ikifia polepole. Noti ikiyumba, mshukiwa wa kwanza ni mkanda, kwa kuwa mpira huchoka upesi katika joto letu. Ubadilishe, ufute puli, na uweke tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya sahani ikiwa maelezo ya kinanda yanaruhusu. Lakini kabla ya kununua mkanda hesabu kuyumba kwenyewe: kukirudi kila baada ya sekunde 1.8, yaani mara moja kwa kila mzunguko, basi huenda tundu la santuri halikutobolewa katikati sawasawa, na kinanda chako hakina hatia.

Kuna mtego mmoja hapa unaostahili kutajwa. Albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis iitwayo Kind of Blue, iliyorekodiwa New York mwaka wa 1959, ilikuwa na kosa la mwendo kwenye upande wa kwanza, kwa kuwa mashine iliyonasa kanda kuu ilikwenda polepole kidogo na hivyo muziki ukasikika juu kidogo unapochezwa. Kosa hilo lilisahihishwa katika toleo la mwaka wa 1992. Basi mwenye nakala ya kale asikimbilie kupunguza mwendo wa mota yake kwa sababu piano ya upande huo hailingani na kinanda cha kanisani.

Hatua ya nne: Sindano, na ushahidi wa matoazi

Kama ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya kutumia pesa, ningechagua hii. Vinanda vidogo vya mkoba, vyenye spika zilizojengewa ndani, kwa kawaida hutumia katriji (kifaa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) za kauri zinazokandamiza mfereji kwa uzito mkubwa, mara nyingi gramu 5 au zaidi, na mkono wake hauna kizani, yaani uzito wa kusawazisha, cha kurekebisha. Vinapendeza mezani, lakini sivishauri kwa mtu mwenye santuri anazozithamini. Kinanda kinachofaa kuboreshwa ni kile chenye kizani nyuma ya mkono na katriji inayoweza kufunguliwa kwa skrubu mbili.

Katriji za sumaku inayosogea ndizo zinazomfaa anayeanza. Mfano mzuri ni familia ya AT-VM95 ya Audio-Technica, kwa sababu mwili mmoja hukubali sindano za aina kadhaa: unaweza kuanza na ncha ya mviringo, ukahamia ile ya duaradufu, na baadaye ukanunua ile ya mstari mwembamba bila kugusa skrubu wala nyaya. Kampuni hiyo hukadiria maisha ya ncha ya mviringo kuwa saa 500, ya duaradufu saa 300, na ya mstari mwembamba saa 1,000, kwa hiyo sindano ghali zaidi si lazima iwe ghali zaidi kwa kila saa ya kusikiliza. Weka daftari kando ya kinanda na uandike saa. Sindano iliyochakaa haikuonyi, inatafuna santuri kimyakimya.

Matoazi ndiyo shahidi wa kuaminika katika suala hili kwa sababu sauti yake imejaa mawimbi ya juu ambayo huchorwa kwa mikunjo midogo mno. Sikiliza toazi ambalo mpiga ngoma hulipiga mfululizo kuongoza mwendo. Kwenye mtambo uliopangwa vizuri utasikia kijiti kikigusa shaba, kisha mwangwi wa shaba yenyewe. Kwenye mtambo mbovu vitu hivyo viwili huungana kuwa mchakacho mmoja. Linganisha wimbo wa kwanza wa upande na wa mwisho. Mwanzoni mwa upande mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na lebo mwendo huo hushuka hadi sentimita 21 hivi, hivyo mikunjo hubanana na ncha butu hushindwa kuifuata. Iwapo matoazi ni safi mwanzoni na yanachakacha mwishoni, tatizo ni umbo la ncha, uchafu, au mpangilio wa katriji.

Mpangilio hauhitaji fundi. Kwanza sawazisha kinanda kwa pima maji ya seremala. Kisha sukuma kizani hadi mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, weka gurudumu la namba kwenye sifuri, na uongeze hadi uzito uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa AT-VM95 za kawaida ni gramu 2. Usiamini sana namba za gurudumu la kinanda cha zamani. Mizani ndogo ya sonara yenye kupima sehemu za gramu itakupa ukweli. Dhana kwamba uzito mdogo huhifadhi santuri ni potofu, kwani sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka na kugonga kuta za mfereji. Baada ya hapo chapisha kipimio cha pembe cha katriji kwenye saiba, ukimsisitizia mhudumu asipunguze ukubwa wa ukurasa, na uhakikishe vipimo vyake kwa rula kabla ya kukitumia. Sogeza katriji ndani ya vitundu vyake hadi ilingane na mistari katika alama zote mbili. Mwishowe weka kizuia-mvuto, kile kinachozuia mkono usivutwe katikati, kwenye namba ileile ya uzito, kisha usikilize: mchakacho ukisikika zaidi kwenye spika ya kulia, kiongeze kidogo, ukisikika kushoto, kipunguze.

Hatua ya tano: Besi, spika na chumba

Sebule nyingi za mijini kwetu zina kuta za saruji, sakafu ya vigae, na madirisha makubwa ya vioo na vyuma. Chumba cha namna hiyo hurudisha sauti kila upande, na besi hujilimbikiza konani hadi kila noti isikike kama ile iliyotangulia. Kwa kipimo hiki chagua wimbo ambapo besi ya kusimama inatembea noti moja kwa kila pigo, ufuatilie kama unaweza kuimba pamoja nayo. Ikiwa huwezi kutofautisha noti ya tatu na ya nne, usinunue spika bado.

Toa spika konani. Anza na nusu mita kutoka ukuta wa nyuma na mita mbili kati ya spika na spika, ukae mahali panapokamilisha pembetatu, kisha usogeze kidogo kidogo huku besi ileile ikirudiwa. Vipaza vidogo vya sauti nyembamba vilivyo ndani ya spika viwe usawa wa masikio. Tandika mkeka mzito au zulia sakafuni mbele ya spika, teremsha mapazia, na uweke rafu ya vitabu ukutani nyuma yako. Kwa nyumba ya mabati isiyo na dari hakuna dawa ya mvua isipokuwa kuizima santuri na kusubiri.

Jambo linalosahaulika ni mahali pa kinanda chenyewe. Sindano haijui tofauti kati ya mtikisiko wa mfereji na ule wa kabati, kwa hiyo kinanda kilichowekwa juu ya meza moja na spika huokota besi na kuirudisha tena kwenye amplifaya hadi kuwe na mngurumo. Fanya jaribio: weka sindano juu ya santuri isiyozunguka, pandisha sauti polepole hadi kiwango unachosikilizia, kisha gonga meza kwa kidole. Kishindo kikitoka spikani, hamisha kinanda kwenye rafu iliyofungwa ukutani, au kiweke juu ya kipande kizito cha jiwe la kaunta, ambacho mafundi wa graniti huwa na mabaki yake, na chini ya jiwe uweke vipande vya mpira. Anayetaka rafu ya mbao atapata mafundi samani katika soko la Kibuye mjini Kisumu watakaoitengeneza kwa vipimo vyake.

Sasa spika zenyewe. Sabufa zinazopendwa majumbani, zenye boksi moja kubwa na vipaza viwili vidogo, zimeundwa kwa ajili ya filamu na muziki wa kuchezeka, na besi yake ina mdundo mwingi kuliko noti. Jozi ya spika za wastani za njia mbili, zenye koni ya inchi 5 hadi 6.5, itakupa jazz iliyo sahihi zaidi hata kama haitatikisa dirisha. Ukinunua za zamani, fungua kitambaa cha mbele na uguse pete iliyozunguka koni kwa ncha ya kidole. Pete ya mpira hudumu. Ya sponji huoza kwa umri na unyevu hadi ikamegeka, na ingawa fundi hodari anaweza kuibadilisha, gharama hiyo iingie kwenye mapatano ya bei.

Hatua ya sita: Fono na amplifaya

Hatua hii ni fupi kuliko wauzaji wanavyotaka iwe. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani) iliyokubaliwa mwaka wa 1954, na kazi ya saketi ya fono ni kugeuza hesabu hiyo na kukuza umeme wa katriji, ambao ni milivolti chache tu. Ukichomeka kinanda kisicho na fono kwenye tundu la kawaida la amplifaya, saksofoni itasikika nyembamba na ya mbali. Ukichomeka chenye fono ndani yake kwenye tundu la fono, itasikika nene na iliyopasuka. Kwa hiyo kuwe na fono moja tu katika mnyororo mzima. Mngurumo wa chini usiokoma ni dalili kwamba waya mwembamba wa ardhi wa kinanda haujafungwa kwenye skrubu ya amplifaya.

Kwa sebule ya kawaida wati 20 au 30 halisi kwa kila upande zinatosha. Amplifaya nzuri ya zamani iliyokaguliwa na fundi wa elektroniki, kapasita zake zilizovimba zikabadilishwa, mara nyingi hushinda mpya ya bei ileile. Usiifungue mwenyewe, kwa sababu kapasita kubwa huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Hatua ya saba: Kusikiliza

Mtambo ukishatulia, sikiliza albamu moja kwa wiki badala ya kumi kwa usiku mmoja. Rudi kwenye wimbo wa kwanza wa Kind of Blue, ambapo besi ya Paul Chambers hutanguliza sentensi fupi na wenzake huijibu kwa kodi mbili (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kwa mpangilio uleule wa mwimbishaji na waitikiaji katika nyimbo zetu. Wimbo huo huzunguka kwa vipande vya vipimo vinane, kila kipimo kikiwa na mapigo manne: viwili vya mwanzo viko kwenye msingi mmoja, cha tatu hupanda nusu-toni, cha nne hurudi chini. Hesabu hadi uweze kuhisi mpando huo bila kuhesabu, kisha ufuate jinsi Miles Davis na wapiga saksofoni John Coltrane na Cannonball Adderley wanavyouvuka kila mmoja kwa njia yake.

Usishtuke saksofoni ikitoka upande mmoja tu wa chumba. Rekodi nyingi za stereo za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilitenganisha ala namna hiyo, na kwa baadhi yake nakala za mono ndizo zenye mshikamano zaidi.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili kuna milango miwili ya kipekee. Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa mwaka wa 1960 kwa maneno ya mshairi Langston Hughes, hufunguka kwa shairi linalosomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Humo kuna ngoma nyingi zinazopigwa kwa pamoja, na ni kipimo kikali cha uwezo wa mtambo kutenganisha sauti. Albamu iitwayo Mwandishi ya Herbie Hancock, ya mwaka wa 1971, ina piano ya umeme na besi za chini zitakazokuambia kama spika bado ziko karibu mno na ukuta. Nayo masanduku ya wazazi wetu yana Shirati Jazz ya D. O. Misiani na Victoria Jazz, bendi ambazo licha ya jina zilipiga benga. Nyingi ya santuri hizo ndogo ni za mizunguko 45, wimbo ukigawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Zipe sindano ileile na usafi uleule, kwani gitaa la besi la benga huonyesha kasoro za chumba sawasawa na besi ya Chambers.

Katika kununua, kagua santuri chini ya mwanga wa pembeni. Mikwaruzo myembamba isiyohisika kwa ukucha mara nyingi haisikiki. Mfereji uliofifia na kugeuka kijivu umeshaliwa na sindano nzito, na hakuna usafi utakaourudisha. Soko la Kenyatta jijini Nairobi lina kibanda cha santuri kinachojulikana sana, lakini usidharau nyumba za jamaa waliostaafu, ambako sanduku zima huweza kutoka bila mtu kujua lilikuwa na nini.

Hifadhi zote zikiwa zimesimama wima, zimebanana kiasi bila kukazwa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri na angalau shubiri moja juu ya sakafu. Badilisha karatasi za ndani zilizoota ukungu kabla ya kurudisha santuri iliyosafishwa, na msimu wa mvua ndefu uifungue rafu mara kwa mara hewa ipite.